Triumph Sprint ST kisiwani Mombasa: miaka mitano ya joto, chumvi na barabara ya Voi

Kijana mmoja wa Bamburi amenisimamisha mara tatu mwezi huu nikijaza mafuta Buxton. Maneno ni yale yale: "Ami, siku ukiamua kuiuza hii, nifikirie mimi." Mara ya tatu alikuja na bei kabisa, na bei yenyewe si mbaya. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu jibu langu haliwezi kwisha kabla ya tangi kujaa. Basi haya ni yake, na ya yeyote anayeiona inapita darajani Nyali akadhani aliyekaa juu yake ana raha muda wote.

Mashine yenyewe ni Triumph Sprint ST ya 2008, ya Uingereza. Silinda tatu zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa injini cc 1,050, gia sita, cheni, tangi la lita 20. Mabomba ya moshi ni matatu, yamepandishwa chini ya kiti yakachungulia nyuma. Nguvu ni farasi mia na ishirini na kidogo. Ukishaijaza mafuta na kuitundika masanduku yake mawili ya pembeni, unacheza na kilo 240 au zaidi. Niliinunua 2020 kwa mhandisi wa meli aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Alipokea shilingi 620,000, na ilikuwa imetembea maili 19,000. Maili, ndiyo. Saa yake ya mwendo ilitengenezwa kwa barabara za kwao, na sindano ikisimama kwenye 60 ujue hiyo ni karibu kilomita 97. Wiki ya kwanza nilijiona mpole kweli, naenda 60 tu, nikawa nashangaa kwa nini magari yote yamelala.

Kwa asiyeijua aina hii: kuna pikipiki za mbio, unazilalia tumbo, na kuna za safari, unakaa kama umekaa barazani. Hii iko kati. Mgongo unainama kidogo, mikono inanyooka mbele kidogo, kuna kioo cha kukukinga upepo, na nyuma kuna nafasi ya mke na nguo za siku tatu. Aliyeichora alikuwa anamfikiria mtu anayetoka nyumbani na ukungu asubuhi akalale nchi nyingine jioni.

Mimi natoka Kibokoni. Uchochoro wetu mkokoteni ukiingia, watu wanaingia milango ya watu. Kwa hivyo pikipiki hailali kwangu, inalala Tudor kwa shemeji yangu, na kodi namlipa kwa samaki. Kijana, hilo ndilo swali la kwanza kabla ya bei: utailaza wapi? Ukiilaza nje, chini ya mwembe, usiendelee kusoma.

Ndani ya kisiwa haifai. Wazia saa nane mchana, Mwembe Tayari, tuktuk kulia, tuktuk kushoto, mbele matatu inapakia katikati ya barabara. Feni ya redieta inaanza kuvuma na ule upepo wa moto unakuja moja kwa moja mapajani. Nyuma yako kiti kimekalia mabomba matatu. Mke wangu aliipanda siku moja tu ndani ya mji, kutoka Tudor mpaka Ganjoni, akashuka akasema, "Baba Rukia, hili jiko lako la mkaa usinipandishe tena mchana." Sikumlaumu. Mashine ni ya nchi ya watu wanaotafuta joto, na mimi nimeileta mahali ambapo feni ya dari haizimwi.

Halafu masanduku yale. Pikipiki ikiwa tupu unapenya, ila ukiyatundika umekuwa mpana kuliko unavyojihisi. Sanduku la kushoto lina mchoro mrefu niliochorewa na tuktuk Saba Saba, na kwa haki niseme mimi ndiye niliyemwingilia. Kazini, huko bandarini Kilindini, naenda na pikipiki ndogo ya cc 125 ambayo mtu yeyote anaitengeneza, popote, kwa spana mbili. Yule mkubwa natoka naye siku nne au tano kwa mwezi. Ukikosa pesa za kuwa na mbili, nunua ile ndogo.

Wazee wa mtaani wakiiona wanatazama kwanza chini, sakafuni. Nawaelewa. Marehemu baba alikuwa na pikipiki ya Kiingereza ya zamani, na kila ilipolala iliacha doa la oili, mpaka mama akawa anaiwekea sinia kama mtoto anayekojoa. Huyu wangu hadondoshi hata tone. Kuna sababu yake. Jina la Triumph ni la zamani mno. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1902 mjini Coventry, na aliyeianzisha kampuni, Siegfried Bettmann, alikuwa Mjerumani wa Nuremberg, jambo ambalo nalipenda sana kuwatajia wanaonisifia Uingereza wake. Kiwanda chao cha Meriden kilifungwa 1983. Jina likanunuliwa na mjenzi wa nyumba, John Bloor, akajenga kiwanda kipya Hinckley na kuanza upya, na pikipiki za mkono huo mpya zikaanza kuuzwa 1991. Kwa hivyo hii ni jina la babu kwenye mwili wa mjukuu. Injini inapozwa kwa maji, mafuta yanapulizwa kwa kompyuta, na sinia la mama limerudi jikoni.

Sasa barabara.

Natoka Tudor baada ya swala ya alfajiri, taa bado zinawaka. Makupa, Changamwe, Miritini, hapo kote ni kuvumilia: malori yanatoka bandarini, vumbi, moshi. Mazeras barabara inapanda na unaanza kusikia ubaridi kwenye kola. Mariakani malori yamepanga foleni ya mizani, na ukishaipita mizani, pikipiki hii inakuwa kitu kingine. Sijui niseme vipi. Mtu uliyemzoea kimya ofisini, siku moja ukamsikia akisoma kaswida.

Siri iko kwenye zile silinda tatu. Injini ya mbili inagonga, ya nne inalia juu kama king'ora na nguvu zake unazikuta mwisho kabisa wa mzunguko. Ya tatu inavuta toka chini. Uko gia ya sita, nyuma ya lori la makontena baina ya Samburu na Taru, njia imefunguka, unakunja mkono kidogo tu, hutafuti gia, na lori limekwisha kuwa kwenye kioo. Kwenye barabara ile, hiyo si starehe. Dereva wa lori anaweza kukuachia nafasi ya sekunde nne, na sekunde nne zinatosha. Sauti yake ni kama fundi anayepasua doti mpya ya leso, mpasuo mmoja mrefu, mkavu.

Na breki ziko. Diski mbili kubwa mbele, vidole viwili vinatosha. Nazitumia zaidi kwa mbuzi kuliko kwa magari.

Mackinnon Road nasimama. Ni mazoea ya wasafiri wa pwani: msikiti wa Sayyid Baghali uko pale kando ya reli, unashuka, unaomba dua, unanyoosha mgongo. Mimi nina miaka 47 na viganja ndivyo vinavyonisema kwanza, kwa sababu uzito wa kifua unaviegemea. Dakika kumi zinatosha. Kisha Maungu, kisha Voi, kilomita 160 hivi kutoka nyumbani, na tangi halijafika nusu. Nikienda mwendo wa mtu mzima napata kilomita 17 mpaka 18 kwa lita moja ya supa. Maana yake Mtito Andei nafika bila kusimama kituo chochote, na bado nina akiba. Nairobi sijawahi kwenda nayo. Nina ndugu Nairobi, lakini barabara baada ya Mtito haina la kunipa ambalo sijalipata kabla yake.

Ninapokwenda ni Wundanyi. Ukifika Voi unakata kushoto njia ya Taveta, Mwatate unakunja kulia, na hapo milima ya Taita inakupokea kwa kona. Hujamaliza hii, ile nyingine inaanza, upande huu mwamba, upande ule migomba inateremka bondeni. Sisi watu wa pwani kona hatuna. Tuna barabara iliyonyooka na bahari. Pikipiki ya kilo 240 inayonitoa jasho kuigeuza uani kwa shemeji, kwenye kona zile inalala na kuinuka kama mashua yenye nahodha. Unatazama unapotaka kwenda, yenyewe inakwenda. Mara ya kwanza niliyompeleka mke wangu (buibui lilikunjwa likaingia sanduku la kulia, akavaa suruali ya jinzi na koti langu la zamani) alinigonga mgongoni kona ya tatu: "Punguza!" Nikapunguza. Kona tatu nyingine, akanigonga tena. Nikajua leo nimeharibu. "Mbona umepunguza?"

Juu kule kuna ubaridi wa kweli, na hapo ndipo yale mabomba ya chini ya kiti yanapopata heshima yake. Tulikunywa chai na mahamri ya nyumbani yaliyosafiri ndani ya sanduku bila kuvunjika wala kuingia vumbi. Masanduku hayo ya kiwandani, yaliyonikosanisha na tuktuk, ndiyo kitu ambacho singekubali kukitoa.

Nirudi mjini, kwenye chumvi, maana hapa ndipo pesa zangu zilipoliwa na hapa kosa ni langu.

Mombasa chuma hakikai. Hilo tunalijua wote, milango ya mabati inatuambia. Mimi nikajiona hodari: kila Ijumaa naosha pikipiki. Nikaosha mwaka mzima. Kwa maji ya kisima. Nyumba ya shemeji ina kisima kizuri, maji hayakatiki, na kila mtu mji huu anajua maji ya kisima yana chumvi. Ndiyo maana ya kunywa tunanunua kwa mitungi. Nilikuwa naipaka chumvi kwa mkono wangu, kwa sabuni, kwa bidii, kila wiki. Siku moja natoka Kilifi, nimepita Mtwapa, saa na taa zikaanza kufifia, pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Betri imekufa. Kulikoni? Soketi ya waya zinazopeleka umeme kwenye betri ilikuwa imeota kijani kama shaba ya zamani, haipitishi kitu. Nilisukuma mpaka kivulini, nikapigia watu wa pikapu, nikarudi kisiwani nimekaa nyuma na mashine yangu imefungwa kamba kama ng'ombe wa Idi.

Tangu hapo, maji matamu tu, mtungi mmoja unatosha kwa ndoo na kitambaa. Soketi zote zilifunguliwa, zikasafishwa, zikajazwa grisi ya umeme. Boliti zilizo wazi napaka oili kidogo kwa brashi ya rangi. Wakati wa kusi, upepo unapotupa unyunyu mpaka barabarani, naifunika kwa turubai na chini naacha wazi ipumue, kwa sababu turubai lililobana linaweka unyevu ndani na hapo umeipika.

Fundi nilimpata kwa kuhangaika. Gereji ya kwanza, sitaitaja, walinikazia boliti ya kutolea oili mpaka ikala nyuzi zake, kisha wakaniambia ilikuja hivyo. Ya pili walinisifia pikipiki saa nzima na hawakugusa kitu. Mwisho nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale anayetengeneza injini za boti. Hakuwa amewahi kuiona hii maishani mwake. Alivaa miwani, akasoma kitabu cha matengenezo nilichomchapishia, kurasa zote za injini, akaniambia, "Mwanangu, hii ni mashine ya boti iliyokosa bahari." Ndiye anayenipimia vali, vile vilango vya injini vya kuingiza hewa na kutoa moshi, kila kilomita 20,000. Kazi yenyewe ni ya subira: unatoa tangi, unafungua kifuniko, unapima nafasi za vali 12 moja moja, na iliyotoka kwenye kipimo unaibadilishia kisahani chembamba cha chuma. Hakuna kukisia kwa sikio. Sevisi ndogo ni kila kilomita 10,000, hiyo nafanya mwenyewe.

Spea zangu naziagiza Uingereza. Sasa mimi kazi yangu ni wakala wa forodha, natoa mizigo ya watu bandarini kila siku, na hilo halinisaidii hata senti moja. Ushuru nalipa na kulalamika kama mteja wangu yeyote. Cheni na sproketi zake, yale magurudumu ya meno yanayoishika, zilinifikia kwa karibu shilingi 38,000, na hiyo ni baada ya duka moja la ng'ambo kuniletea kwanza sproketi ya pikipiki nyingine kabisa na kunitaka niirudishe kwa gharama zangu. Iko kwa shemeji, inashikilia mlango. Tairi la nyuma, lile pana la 180, naagiza Nairobi linakuja kwa basi, na linakwisha haraka kwa sababu lami yetu ni moto. Jiwekee shilingi 90,000 kwa mwaka hata kama hakuna kilichovunjika. Mwaka wa ile chumvi nilizidisha.

Jambo moja la kujua kabla hujasafiri. Gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa upande mmoja tu, na linafungwa kwa nati moja kubwa katikati, ya milimita 46. Ni pambo zuri sana; watoto wanadhani gurudumu linaelea. Lakini nilipochomwa na skrubu karibu na Maungu nikajikokota mpaka Voi, fundi wa pancha alilizunguka mara mbili akitafuta upande wa pili. Alileta spana zake zote, kubwa kuliko zote ilionekana kama ya saa ya mkononi mbele ya ile nati. Kwa bahati matairi haya hayana mpira wa ndani, akaziba kwa kamba palepale bila kulitoa, dakika kumi. Tangu siku hiyo soketi ya 46 inasafiri nami chini ya sanduku la kulia, nzito kama rungu, na sijaitumia hata mara moja njiani.

La Likoni nilitaka kulipita, lakini ni bora ulisikie kwangu kuliko kwa wenzangu wa bandarini. Ilikuwa maji yamekupwa, ule mteremko wa kuingia feri umekuwa kama ukuta, chuma kimelowa. Nimevaa ndala. Mguu ukateleza, pikipiki ikaanza kwenda ubavu, na kilo 240 zikianza kwenda huziulizi. Wasukuma mikokoteni wawili waliacha mizigo yao, wakaidaka kwa chini, na mwingine akaongezeka, wakaipandisha mpaka ndani ya feri imebebwa kama jeneza, mimi nafuata nyuma. Walikataa pesa. Walichotaka ni niiwashe waisikie. Nikaiwasha. Sasa nikienda Diani napita Dongo Kundu, ni mbali zaidi lakini hakuna maji, na viatu navaa.

Nimesahau urefu. Kiti kiko kama sentimita 80 kutoka chini. Mimi ni mfupi, visigino havifiki vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana nikisimama natafuta upande wa barabara ulioinuka. Kijana ni mrefu, halitamsumbua.

Kwa bei yako, kijana: ni nzuri, na sitaichukua mwezi huu. Lakini pia sitaki uichukue kwa kuiona Buxton. Jumamosi natoka Tudor saa kumi na moja na nusu alfajiri. Njoo na helmeti na koti zito, hata kama utaona haya kulivaa Mombasa. Mpaka Voi unakaa nyuma. Kuanzia Voi mpaka Wundanyi na kurudi, bado nyuma, kona zile si za kujifunzia. Ukishakaa foleni ya Changamwe saa tisa mchana tukirudi, juu ya yale mabomba, ndipo uniambie tena ile bei. Mafuta ya siku hiyo ni yako.